Nyumba Iliyokatazwa Kihangaza

Baba alitukataza Kihangaza nikiwa darasa la pili na dada yangu akiwa la tatu. Hakuitisha kikao. Tulikuwa tunakula ndizi na maharage, akaweka kijiko chini, akasema kuanzia kesho ndani ya nyumba hii ni Kiswahili tu, anayetaka kilugha akaongelee kwa jirani. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni, bei gani, punguza, asante, alitikisa kichwa kukubali kwa sababu aliona sisi tumetikisa.

Baba alikuwa mkulima wa migomba na kahawa pale Kirushya, na maisha yake yote aliamini angekuwa mwalimu kama si ulimi wake. Akiwa mwanafunzi alisimamishwa mbele ya mgeni wa wilaya asome kwa sauti. Akasoma "karamu" mahali pa kalamu na "reo" mahali pa leo, watu wakacheka, na wa kwanza kucheka alikuwa mwalimu wake mwenyewe. Sisi watu wa Ngara tunakijua kisa hicho, kila mmoja ana cha kwake, na wengi wetu tunakisimulia kwa kujicheka. Baba hakujicheka. Alihesabu kwamba mlango wa shule ulifungwa siku ile, na kwamba aliyeufunga ni Kihangaza.

Shuleni kwetu mtoto aliyekamatwa akiongea kilugha alivishwa shingoni kipande cha mti chenye kamba, akatembea nacho mpaka amkamate mwingine. Tulikichukia wote. Baba alikipenda. Akachonga cha kwetu kutoka tawi la mkahawa, akakitoboa, akakifunga kamba ya katani, akakitundika kwenye msumari karibu na mlango. Atakayelala nacho, kesho yake anateka maji ya watu wote kule bondeni kabla ya shule. Mimi nilikivaa mara nyingi kuliko nguo ya Jumapili. Ulimi wangu ulikuwa mtoro. Dada hakukivaa kabisa. Alikuwa mtoto ambaye ukimwambia usikanyage hapo, hakanyagi hata kivuli cha hapo.

Jioni moja ng'ombe wa jirani waliingia kwenye maharage yetu. Mama aliwaona wa kwanza, akapiga kelele kwa lugha iliyokuja, nayo haikuwa Kiswahili. Tukakimbia, tukawafukuza, maharage mengi yakapona. Tuliporudi dada alikwenda kwenye msumari, akakitoa kile kipande, akampa mama mkononi. "Mama, umeongea," akasema. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anafuata sheria kama alivyofundishwa. Mama akamtazama baba. Baba akakohoa, akasema sheria ni sheria. Mama akakivaa, akapika nacho shingoni, kikawa kinaning'inia juu ya sufuria.

Kesho yake alikwenda kuteka maji, lakini maji alikuwa akiteka kila siku, kwa hiyo unaweza kusema hakuadhibiwa. Mimi nasema aliadhibiwa. Tangu hapo, baba akiwepo, mama aliongea kwa mikono na macho. Sisi watoto alituambia njoo, kula, lala, maneno mafupi ambayo hayawezi kumkosesha mtu. Kule shambani, baba akiwa mbali, mimi alinimwagia Kihangaza na mimi nikamjibu, tukicheka kama wezi. Dada alimjibu kwa Kiswahili hata kule kwenye migomba, na mama taratibu akaanza kuongea naye kama anavyoongea na mgeni aliyetoka parokiani: karibu, kaa, umechoka?

Hata namna ya kusalimiana ilibadilika. Salamu ya Kihangaza inataka umshike mtu mikono, usogee karibu, mbaki hapo kidogo mkiulizana habari za nyumba nzima. Shikamoo unaweza kuisema ukiwa mlangoni na begi mgongoni. Marahaba ikakufuata nje. Siilaumu shikamoo, nawafundisha watoto wangu mpaka leo, ila kwetu ilituzoesha kusalimiana kwa mbali.

Nisimwonee baba. Njia yake ilizaa matunda, na yalionekana. Dada alikuwa wa kwanza darasani karibu kila mwaka, na mimi, pamoja na utoro wa ulimi wangu, sikuwa mbali. Kiswahili chetu kilinyooka. Siku ya kufunga shule majina yalisomwa mbele ya wazazi, na baba alisimama nyuma kabisa, mikono mgongoni, akisubiri kuombwa asogee mbele. Wanaume walikuja hata kutoka Mbuba, kwao mama, kumuuliza anatumia dawa gani. Aliwaambia samaki mkunje angali mbichi. Methali alikuwa nazo nyingi, zote za darasani, na mojawapo ilikuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Aliisema mbele ya mama, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfunga mdomo, na hakuona tatizo.

Kisha dada akaenda kidato cha kwanza, na yeyote aliyesoma shule zetu anajua kinachotokea hapo. Kiswahili ulichokipigania miaka saba kinawekwa pembeni, kinakuwa somo moja tu, na kila kitu kingine kinakuja kwa Kiingereza. Mwalimu anaingia, anaongea, anatoka, na wewe umeshika kalamu.

Baba naye akabadilisha sheria. Kuanzia sasa, akasema, dada aongee Kiingereza nyumbani. Shida ni kwamba nyumba nzima hatukuwa nacho hata cha kuombea maji. Aongee na nani? Baba akatafuta njia: kila jioni baada ya kula dada asimame karibu na taa ya sola, mgongo wima, mikono pembeni, atuambie kwa Kiingereza alichojifunza siku hiyo. Baba alikaa kwenye kiti chake cha kamba, kichwa amekiinamisha, akisikiliza kama mtu anayesikiliza redio yenye habari njema. Dada akimaliza, baba husema, "Vizuri. Kesho zaidi."

Ilipofika zamu yangu ya sekondari, mimi nilitolewa. Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa ameolewa Nyamahanga kule Biharamulo, na watoto wake walikuwa bado wadogo. Akaomba apewe mtoto mkubwa wa kukaa naye, asome huko. Baba hakubisha. Mimi sikuwa mradi wake. Alinisindikiza mpaka kwenye basi, akaniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaondoka.

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ya kelele. Mume wake, mtu mpole wa Kisubi, aliongea Kisubi na watoto, mama mdogo akawajibu kwa Kihangaza, watoto wakagombana kwa Kiswahili. Hakuna aliyefungwa mdomo. Nilidhani mahali kama hapo mtu hawezi kufaulu chochote, na wiki za kwanza nilijisikia nimetupwa.

Lakini mama mdogo alikuwa na sheria yake, na aliisimamia kuliko baba alivyosimamia ya kwake. Hakuna aliyeinuka kwenye chakula kabla hajasema jambo moja lililomshinda siku hiyo. Alianza yeye. "Leo nguruwe pori wameingia kwenye mihogo, nimewafukuza wakanirudi, nikakimbia mimi." Mume wake akasema baiskeli imemshinda mlimani. Wadogo wakasema viatu, kamasi, rafiki fulani. Ikafika kwangu. Nikasema hakuna. Akasema basi kaa hapo na sahani yako mpaka liwepo. Nilikaa sana. Mwishowe nikasema, kwa Kihangaza, kwamba mwalimu wa jiografia anaongea na mimi sielewi hata anaongelea nini, siku zote hizo sijaelewa hata mara moja. Nilitegemea kofi. Yeye akasema, "Eeh, hilo kubwa," kisha akasema kesho tutaona.

Kesho yake alifunga kitenge akaenda shuleni. Hakuwa msomi. Alimwambia mwalimu mtoto wangu haelewi, mwenzake anayeelewa ni nani, anakaa wapi? Jioni hiyo nikapelekwa kwa kijana mmoja wa kidato cha nne, mtoto wa jirani, akawa ananielezea kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kiingereza. Sikuwa kipanga, na sikuja kuwa. Nilifika kwa kutambaa. Ila nilijua kwamba nikikwama, jioni kuna watu wanaosubiri kusikia nilipokwamia.

Likizo ya katikati ya mwaka, nikiwa kidato cha pili na dada cha tatu, nilirudi Kirushya. Jioni dada akasimama karibu na taa, akaanza. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kumfuata. Alikuwa anaeleza jinsi moyo unavyosukuma damu. Aliyasema vizuri, bila kukwama, kama mtu anayesoma sala. Jioni iliyofuata akasimama tena, akaeleza jinsi moyo unavyosukuma damu. Na iliyofuata. Baba akasema, "Vizuri. Kesho zaidi."

Jioni ya nne nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Baba, hilo ni somo lile lile." Sikumaanisha kumchoma dada, nilidhani namsaidia, nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ambako kusema jambo kama hilo ndicho chakula cha jioni. Baba akainua kichwa. Akamwambia dada aseme somo jingine. Dada akanyoosha mgongo, akaeleza milima ya volkano tangu mwanzo hadi mwisho. Baba akanigeukia, akasema wivu hauna tiba, na kwamba Biharamulo imenifundisha umbea badala ya vitabu.

Asubuhi tulishuka bondeni na madumu. Tulipofika kwenye chemchemi dada akanigeukia.

"Ulitaka nipigwe?"

Nikamwambia hapana. Nikamuuliza ana masomo mangapi ya kusema vile.

"Hayo mawili. Nilimwomba rafiki anisomee jinsi yanavyotamkwa, nikayakariri. Moyo na milima. Mengine sielewi kitu. Tangu form one, sielewi kitu."

Nikashangaa, kwa sababu ripoti zake hazikuwa mbaya. Akacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha. Darasani kwao karibu wote walikuwa gizani, akasema, kwa hiyo ukipapasa vizuri unaweza kuwa wa kumi na moja. Mtihani wa kidato cha pili alipenya kwenye tundu la sindano, Kiswahili kikiwa kimembeba mgongoni.

"Mwambie mama," nikasema.

"Nimwambie nini mimi? Nikiongea Kiswahili atasema vizuri mwanangu, aendelee kumenya ndizi. Na Kihangaza..." Akaacha hapo, akainamisha dumu lijae. "Na mama siwezi kuanza leo. Ningeanzia wapi?"

Nilimwomba aje Nyamahanga amalizie huko. Siku ya kuondoka niliomba mwenyewe kwa baba, kwa Kiswahili safi, nimesimama wima. Baba alisema mtoto wake hawezi kulelewa kwenye nyumba ya makelele. Mama alikuwa mlangoni. Alinitazama, akamtazama dada, na niliona mdomo wake unataka kufunguka. Haukufunguka.

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka dada akiwa ameshasherehekewa kabla. Baba alikwenda kwa kijana mwenye simu kubwa pale senta, akasimama nyuma yake, akamwambia tafuta. Kiswahili dada alikuwa amepata alama ya juu kuliko wote shuleni kwake. Kilichobaki kilikuwa F mpaka chini, na kando yake daraja la nne. Kijana alimwambia mzee, angalau si sifuri. Baba alirudi nyumbani na maneno hayo, akayasema mlangoni bila kuketi: angalau si sifuri.

Sikuwepo. Dada alinisimulia baadaye. Anasema baba alimuuliza yale yote aliyokuwa anasema jioni yalikuwa nini. Ndipo mama, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo, akasema kwa Kihangaza, bila kuinua macho, kwamba yeye alikuwa anasikia ni maneno yale yale kila siku. Kiingereza hakijui, lakini sauti zake alikuwa amezizoea, angeweza hata kuzifuatisha. Baba akamuuliza mbona hukusema. Mama akashangaa kweli. Akasema alidhani ndivyo shule ya wakubwa ilivyo, kama rozari, mtu anarudia yale yale kila jioni mpaka Mungu asikie.

Sijawahi kusikia jambo linaloniuma kama hilo. Mama alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwa mtoto wake anayezama, anamsikia, na alidhani mtoto anasali. Hakuna mjinga hapo. Kuna watu watatu waliopendana na kunyang'anywa neno la kuulizana.

Leo ninaishi Biharamulo na nina binti kidato cha tatu. Tunaitwa kwenye vikao vya wazazi, na kila kikao husimama mtu akasema watoto wameharibika kwa sababu fimbo imeachwa, na mwingine akasema hapana, tuwaache huru. Mimi hunyamaza. Nimemwona mtoto aliyebanwa akaanguka, na nimewaona watatu wa mtaani kwangu walioachiwa huru wakaanguka vilevile, tena kwa kasi. Binti yangu namuuliza kile cha mama mdogo, nini kimekushinda leo. Anasema hamna, anainama kwenye simu. Namwambia basi kaa hapo na sahani yako. Ananiona mzee msumbufu. Sijui kama inafanya kazi. Najua tu kwamba naogopa sana ile "hamna".

Baada ya matokeo baba hakumpiga dada wala kumfokea. Ilikuwa vibaya zaidi: hakumuuliza kitu tena. Taa ya sola ikawa ya kuangazia chakula. Dada alipomaliza kula alibaki amekaa, akisubiri labda ataambiwa simama. Aliniambia, "Afadhali angenifokea. Ningejua bado niko." Nilipendekeza arudie mtihani. Baba akasema fanyeni mnavyoona, na hakuna aliyezoea kuona chochote bila yeye, kwa hiyo halikufanyika. Kwenye mwaka wa pili akaja mchumba kutoka Mbuba, mkulima, kijana mwema. Dada alikubali upesi mno.

Nilitoka Biharamulo kuhudhuria posa. Kwetu wazee wa pande mbili huketi na mtungi wa pombe ya ndizi, urwagwa, katikati, na ndoa haitajwi mpaka watu wataniane vya kutosha. Wageni hujifanya wanatafuta ndama aliyepotea, wakaona nyayo zake zimeingia hapa. Wenyeji hujifanya hawajawahi kuona ndama maishani mwao. Na hilo halifanywi kwa Kiswahili. Hakuna Kiswahili kinachoweza kulifanya.

Mimi na dada tulikuwa chumba cha ndani na mama, tunasikiliza kupitia pazia. Mzee aliyetakiwa kutusemea alichelewa, wageni wakawa wamekaa na mtungi haujafunguliwa. Tukasikia mtu anaanza kuongea upande wetu. Kihangaza kinamtiririka, kina mikunjo na mizaha, anawauliza wageni hao ndama wao alipotea akiwa amevaa viatu au la, maana hapa kwake kuna mmoja lakini ana viatu. Wageni wakaangua kicheko. Akawazungusha huku na huku, akawafanya wakane ndama mara mbili, wakajikuta wanamwomba msamaha bila kosa. Dada akanishika mkono. "Ni nani huyo?" akaniuliza. Mama akajifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alikuwa anamjua. Ndiye kijana aliyemposa yeye.

Alikuwa baba. Miaka yote hiyo tuliishi na mtu wa methali za ukutani, na huyu alikuwa amejifungia nje pamoja na lugha yake.

Kisha sauti ikashuka. Akasema sawa, ndama ninaye. Akasema ana sauti nzuri akiosha vyombo, anadhani hakuna anayemsikia. Akasema hapendi maziwa ya juu, anapenda ya chini ya kibuyu. Mambo ambayo hatukujua kwamba aliyaona. Akasema, "Huyu nilimfunga kamba fupi. Majani mazuri yalikuwa mbele yake, kamba haikufika. Mkimwona amekonda, msimlaumu ndama."

Wageni waliitikia kwa makofi, kwao ilikuwa sehemu ya mchezo. Dada alikuwa analia bila sauti, macho kwenye pazia, na niliona anasubiri pazia lifunguke.

Likafunguka. Baba aliingia kumwita. Uso wake ulikuwa bado na joto la kicheko cha nje, na kwa kitambo nilidhani ataendelea pale alipoachia. Alimtazama dada, akafungua mdomo, akaufunga. Akavuta shati lake likanyooka.

"Futa machozi," akamwambia kwa Kiswahili. "Simama wima. Wageni wanakusubiri."

"Ndiyo, baba," dada akasema, akasimama wima.